Mwendo wa Ebeneza

Kitandililo, Makambako

6 Januari

Daftari hili ni la Ebeneza, mume wangu. Kurasa za mbele ameandika vipimo vya milango ya watu: upana, urefu, bawaba ngapi, kitasa cha kulia au cha kushoto. Mimi nimeligeuza, naanzia nyuma. Nikifika kwenye milango nitaacha.

Mvua tangu asubuhi. Nimepalilia mahindi kidogo, nikarudi ndani.

8 Januari

Nimemaliza bando nikitazama video. Tangu tumzike mwezi uliopita hiyo ndiyo kazi yangu ya jioni, kwa sababu ilikuwa kazi yetu. Yeye alikaa karibu na jiko, mimi nikashika simu, maana vidole vyake vilikuwa vizito na kila akigusa kioo alimpigia mtu. Niandike tunaowafuata, nisije nikasahau alivyowasema.

Wa kwanza ni mama mmoja anayepika, anaitwa Jasmine. Maneno hana mengi. Moshi ukimwingia machoni anafuta kwa kanga na video inaendelea. Ebeneza alimpenda kwa jambo moja: anaonja, anatafuna, anameza, ndipo anasema ni tamu. "Wengine wanasema tamu kijiko kikiwa bado hewani," alisema.

Wa pili ni fundi redio. Sura yake hatujawahi kuiona, ni mikono tu, na kidole gumba kina ukucha mweusi. Redio ikimshinda anasema, "Hii imenishinda," anarudishia kifuniko, na video hiyo anaiweka hadharani pamoja na zile za redio zilizopona. Ebeneza alikuwa anaitika, "Naam," utadhani yuko kanisani.

Kuna kijana wa parachichi ambaye hatukumfuata ingawa watu wote wanamfuata. Anavaa suti katikati ya miti, na kila mti wake umebeba mpaka chini. Ebeneza alimtazama siku moja tu. "Huyu hana shamba, ana picha." Nikamuuliza amejuaje. "Angalia macho yake yako wapi. Anajitazama mwenyewe kwenye kioo. Mwenye shamba anautazama mti."

Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu. Kabla sijamfuata mtu naangalia macho yake yako wapi.

Wa mwisho ni Linus Komba, Mngoni, anauza makoti ya mitumba pale Makambako. Anaiga wateja wake: mama anayenusa kwapa la koti kabla ya kuuliza bei, mchungaji anayejipima kwa kuinua mikono yote miwili kana kwamba anabariki. Huyo tunamjua, Wangoni na Wabena ni watani. Koti la Ebeneza lilitoka kwake. "Huyu anaiga watu na hawadharau," alisema Ebeneza. Kisha akaongeza, "Lakini mimi hataniweza."

11 Januari

Ukungu mpaka saa sita. Sikutoka.

14 Januari

Wifi Flora amekuja asubuhi, matope mpaka magotini. Ni dada yake Ebeneza, wa mwisho kuzaliwa.

"Kamwene, wifi."

"Kamwene. Karibu ukae."

"Sikai. Umeona kaka yangu anavyochezewa kwenye simu za watu?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Kaka yake hana video hata moja. Ukiinua simu aligeuza mgongo. Alisema picha inamfanya aonekane mwizi aliyekamatwa, na kweli ile ya kitambulisho, iliyokuzwa na kuwekwa juu ya jeneza, ni ya mtu anayeshitakiwa. Harusi ya mtoto wa Flora ilipigwa video nzima, na Ebeneza yupo: kisogo chake kipo, kiko nyuma ya spika.

Flora akanionyesha. Ni ukurasa wa Linus.

Ni siku ya mazishi, hapa hapa kwetu, kabla jeneza halijatoka. Siku ile nilikuwa ndani na akina mama. Nilisikia watu wanacheka nje nikajua watani wameanza, maana ndiyo kazi yao msibani, lakini sikuona. Sasa nikaona. Linus ametoka na koti la Ebeneza, amelitoa kwenye msumari wake chumbani. Penseli sikioni. Anafunga mlango, anautikisa. Anaondoka, ule mwendo wa bega moja mbele. Anafika kwenye ndoo, anasimama, anageuka, anarudi, anautikisa tena. Anaondoka, anafika getini, anarudi. Safari hii hautikisi. Anaweka kiganja juu ya mbao, anauambia kwa sauti ya chini, "Wewe nakujua."

Watu wanaanguka kwa kucheka. Mchungaji ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika.

Hivyo ndivyo alivyofanya kila siku tuliyotoka pamoja, miaka yote. Nilikuwa nasimama njiani na kikapu kichwani nikimsubiri. Mbao ikinywa mvua inadanganya, alisema, kwa macho utaona komeo limeingia na kwa mkono halijaingia.

Flora alikuwa ananitazama. "Unalia, wifi. Ni haki yako. Kaka Anania amekasirika sana. Kaka yetu amefanywa katuni."

Sikumwambia kwamba sikuwa nalia kwa hasira. Alipoondoka nikaenda kununua bando. Nimeitazama mpaka simu imezima.

Amekuweza, Ebeneza.

19 Januari

Jumapili. Tulipotoka ibadani vijana wa kwaya walikuwa wanafunga mlango wa sakristia. Mmoja akautikisa akasema, "Wewe nakujua." Aliponiona akataka kuingia chini ya ardhi. Nikamwambia aseme kwa sauti ya chini zaidi, Ebeneza hakupaza.

23 Januari

Shemeji Anania amepiga simu kutoka Njombe. Ndiye mkubwa wao, na ni mzee wa kanisa. Ebeneza alimheshimu, nami namheshimu.

"Shemeji, yule Mngoni nimempigia. Nimemwambia aondoe uchafu ule. Unajua kanijibu nini? Anasema, mjane akisema itoke, inatoka leo hii. Bila neno la mjane haitoki."

"Amesema hivyo?"

"Ndivyo. Kwa hiyo mpigie. Neno moja tu."

Nikasema nimesikia. Sikusema nitapiga.

2 Februari

Maji yamezidi shambani. Mahindi ya bondeni yamelala.

Leo nimesoma maoni ya watu chini ya video. Sikuwa nimejua kwamba unashuka chini na yanaendelea. Wengi wanacheka tu. Wamempa jina, Mzee Komeo. Wapo walioandika: alikuwa anafungia nini, dhahabu? Mwingine: bahili mpaka kaburini. Mmoja, ana picha ya gari badala ya sura, ameandika: mke wake alikuwa mfungwa.

Nimeweka simu chini ya mto. Mfungwa. Nilipojifungua Nelly, ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio. Ebeneza alipiga randa mlango wa chumba chetu usiku na mchana ili upepo usipate pa kupita, vumbi la mbao likawa kwenye uji wangu.

Nadhani Anania ana haki. Kesho nitampigia Linus aitoe.

3 Februari

Mtandao hakuna. Radi imepiga mnara.

5 Februari

Mtandao umerudi. Sijapiga.

10 Februari

Leo nimekwenda Makambako mwenyewe. Jambo kama hili nilitaka kulisema uso kwa uso.

Linus alikuwa amesimama katikati ya makoti yake, upepo unayainua mikono yote, unadhani ni mkutano wa hadhara. Aliponiona na kitambaa changu cheusi akavua kofia.

"Karibu, mateka wetu. Leo mmekuja kujisalimisha wenyewe, hata hatujapiga ngoma?"

"Nyie babu zenu walitukimbia mpaka Songea, ngoma mtapiga na nini?"

"Tulikimbia harufu ya viazi." Akanivutia kigoda. Kisha akaacha utani. "Mama Nelly, najua kilichokuleta. Sema, naitoa mbele yako."

Nikamuuliza kwanza: kwa nini aliiweka?

Mteja alikuja, akajaribu koti refu, Linus akalivuta nyuma likakaa sawa, mteja akaenda.

"Unaona yule? Koti lile halitamkaa. Ana bega la kubebea mzigo. Mimi mtu namjua kwa koti. Mumeo alipokuja kununua alilivaa, akalifunga vifungo, akaondoka, akarudi, akavitikisa vifungo. Nikasema, huyu sijawahi kumpata. Nimemfanyia mazoezi miaka, mama. Hapa hapa, nikifunga mzigo jioni. Siku ya msiba nilifanya kazi yangu ya mtani. Niliporudi nikaitazama video aliyonipigia mwenzangu, nikaona wote ninaowaiga nimewaongezea kidogo ili watu wacheke. Yeye sikumwongezea kitu. Ndiyo maana niliiweka."

"Hukuuliza mtu."

"Mtani haombi ruhusa."

"Msibani haombi. Kwenye simu je?"

Akakuna kichwa. "Hapo umenikamata. Kwenye simu babu zetu hawakufika."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Angeweza kunidanganya kwa maneno ya mila na mimi ningekubali. Ni kama yule fundi redio, hii imenishinda.

Akatoa simu akanionyesha mahali pa kufutia. Kidole chake kilikuwa juu yake. "Sema neno."

Nikamwambia, "Onyesha kwanza mara moja." Tukaitazama pamoja, upepo unapiga. Nikaangalia macho yake kwenye video yako wapi. Yako mlangoni. Haitazami kamera, hawatazami watu. Anautazama mlango.

"Iache," nikasema.

"Mzee Anania atanitoa roho."

"Atanitoa mimi kwanza."

14 Februari

Jua. Nimeanika kuni.

20 Februari

Mtu ameandika chini ya video. Ni mwanamke, anaandika kutoka Lugarawa, kwetu nilikozaliwa. "Huyu mnayemcheka ndiye aliyetengeneza mlango wa nyumba ya mama yangu. Masika ya kwanza alirudi bila kuitwa, akaushusha, akaupiga randa, akaurudisha, akanywa maji akaenda. Mlango unafunga mpaka leo."

Sikujua. Aliniambia amekwenda kuwasalimia wakwe.

Chini yake mwingine ameandika baba yake alikuwa anarudi kuangalia jiko. Mwingine, mama yake alikuwa anahesabu kuku, analala, anaamka anahesabu tena. Mwingine hakuandika kuhusu marehemu wake, ameandika tu: mimi nilikuwa nasimama njiani namsubiri.

Huyo nimemjibu. Nimeandika: hata mimi. Ni mara yangu ya kwanza kuandika kule.

8 Machi

Kikao cha ukoo, Njombe, sebuleni kwa Anania. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka watu wakasogeza viti wasikilizane. Nelly binti yetu alitoka dukani anakouza vitambaa akaja kukaa nami, maana mimi katika nyumba ile ni mtu wa kuja, Mpangwa niliyezaliwa Mkatoliki, nikabadilishwa kanisa kwa ndoa. Hawajawahi kunisema kwa hilo. Leo niliona wanalikumbuka.

Anania aliomba dua, akasema bila ukali. Niandike alivyosema, kwa sababu alisema vizuri.

"Shemeji, sijakataa utani. Baba yetu alizikwa na watani na tulicheka. Lakini mtani anacheka mbele yetu, anatujua na sisi tunamjua. Akimaliza tunampa chakula, tunaingia makaburini pamoja, tunalia pamoja. Hawa wa kwenye simu hawakulia. Wamegawiwa kicheko, kilio hawakupewa. Hilo ndilo linaloniuma."

Watu wakasema kweli. Hata mimi moyoni nikasema kweli.

Flora akaongeza, "Sokoni wananiita dada wa Mzee Komeo."

"Sasa," Anania akasema, "mpigie yule mtu hapa tulipo."

Simu yangu ilikuwa mapajani. Wote wakaitazama.

"Shemeji," nikasema, "uliyosema ni ya kweli, sina cha kuyapinga. Kilio walichokosa wale nimekilia mimi, kinatosha kugawana. Lakini niulize. Siku ya mazishi ulisoma wasifu wa marehemu."

"Nilisoma."

"Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akaoa, akaugua, akalala katika Bwana. Nilikuwa nimekaa pale nasikiliza, nikasema moyoni, huyu ni nani? Ungebadilisha jina ungemzika mtu yeyote wa usharika. Mume wangu hakuwemo. Penseli haikuwemo, mlango haukuwemo. Nimekaa naye tangu nikiwa msichana, na kitu pekee kinachofanana naye juu ya nchi hii kimebaki ndani ya Mngoni. Haitoki."

Kisha mmoja wa wazee, siandiki jina lake, akasema mwanamke akifiwa asikilizwe kwa subira maana hasemi yeye. Nikamwambia nasema mimi.

Anania akafunga Biblia. "Basi ukoo hautakuja kuanua matanga yako. Utakaa na nguo hiyo nyeusi mpaka useme neno."

Katika ukoo huu matanga makubwa yanaanuliwa mvua zikiisha, mahindi yakianza kukauka. Mkubwa wa marehemu ndiye anayemvua mjane kitambaa. Bila yeye, unabaki mjane wa msibani: sokoni huchagui viazi kwa mkono, harusini hukai mbele, hucheki watu wakasikia.

Nikamwambia, "Nyeusi haionyeshi uchafu, shemeji. Inanifaa kwa shamba."

Nelly akaniminya mkono mpaka ukaniuma.

9 Machi

Nililala kwa Nelly, Njombe. Asubuhi alinipikia chai ya maziwa akaanza polepole.

"Mama, ile video mimi ninayo kwenye simu yangu, na wewe unayo. Kule itolewe, sisi tubaki nayo. Yaishe."

Ndiyo njia rahisi, nikamwambia.

"Sasa?"

"Baba yako maisha yake yote aligeuza mgongo. Nasi tukimficha, ndiyo imekuwa kawaida ya nyumba."

"Lakini yeye hakutaka kuonekana, mama. Hilo umelifikiria?"

Nimelifikiria kuliko yote. Nikamweleza ile jioni, baba yake aliposema Linus hatamweza. Asiyetaka kuigwa hasemi hataniweza. Anasema asithubutu. Yeye alimwekea mtu dau.

Nelly akacheka, akaziba mdomo, akatazama nguo yangu. Nikamwambia cheka, mwenye matanga ni mimi na mimi nimekuruhusu.

15 Machi

Mvua.

16 Machi

Mvua. Viazi vya upande wa juu vimeanza kuoza majani.

22 Machi

Nyumba ya Flora ni ng'ambo ya bonde na moshi wake nauona. Zamani ingekuwa ameshakuja kuomba chumvi. Nimepeleka mboga nikaziweka mlangoni kwake. Nilipogeuka nikasikia anazichukua.

30 Machi

Linus amenipigia kunipa habari, anashindwa kuongea kwa kicheko. Anania amesafiri mpaka Makambako kumshitaki kwa wazee wa Kingoni. Walimpokea vizuri, wakamsikiliza mpaka mwisho, wakamwandalia ugali na maharage. Alipomaliza kula mzee wao akamwambia, "Mbena, umekasirikia utani, tena umeuleta barazani. Faini yako jogoo."

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasimama akaondoka. Wazee wanasema jogoo bado anadaiwa, na kila mwezi anakua."

Nimecheka peke yangu jikoni, kwa sauti. Kisha nikamhurumia Anania. Ni kosa ambalo mtoto wa hapa asingelifanya, kwenda kumshitaki mtani kwa watani. Mtu wa akili yake halifanyi mpaka awe ameumia kweli. Nilikuwa namwona kama ukuta. Lakini alikuwa na mdogo wake mmoja tu wa kiume, tena yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni.

20 Aprili

Pasaka. Hakuna mtu wa ukoo aliyefika. Nilipika wali nikala na Nelly, na sahani ya tatu nikampelekea Flora. Safari hii alifungua mlango. Akapokea kwa mikono miwili.

29 Aprili

Yule mama Jasmine ameunguza maharage leo. Hakukata. Ameonyesha sufuria mpaka chini, akasema, "Nilikuwa nawaza mengine." Watu maelfu wamempenda kwa hilo. Natamani ningemwonyesha mtu.

Nimetafuta tena yule kijana wa parachichi nione kama nilimwonea. Sikumwonea.

4 Mei

Mvua zimekoma. Upepo umerudi, na asubuhi nyasi ni nyeupe kwa baridi bondeni.

Nimeamua. Matanga nitayaanua Jumamosi ya tarehe kumi na saba, ukoo uje usije. Nimemtumia Anania ujumbe, kwa heshima, nikamwandikia siku na saa. Sikumwomba. Nikamwandikia pia kwamba kama mkono wa kunivua kitambaa hautakuwepo, nina mikono yangu miwili.

6 Mei

Hajajibu. Alama zinaonyesha amesoma.

17 Mei, jioni

Zimebaki karatasi chache kufika kwenye milango, kwa hiyo naandika kwa herufi ndogo.

Walikuja majirani, mchungaji, na Linus na Wangoni wenzake wawili waliokaa karibu na sufuria ya nyama ili, walisema, kuilinda dhidi ya Wabena. Flora alikuja mapema na kisu chake mwenyewe, akaanza kumenya viazi bila kuulizwa. Viti vya ukoo nilikuwa nimevipanga mbele. Vilikaa vitupu. Kila mtu alivipita akijifanya havioni.

Mchungaji aliangalia saa. "Mama Nelly, tuanze?"

"Tuanze," nikasema, na nikapeleka mkono kwenye fundo la kitambaa.

Geti likalia. Anania. Koti la Jumapili, viatu vimetiwa vumbi jekundu, na kwapani amebana jogoo, kichwa kimetokeza nyuma ya kiwiko. Wazee wengine wawili wa ukoo walikuwa nyuma yake.

Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Wangoni akamkabidhi Linus yule jogoo.

Linus akampima uzito. "Mzee, huyu ni wa mwezi wa tatu. Tuko wa tano."

"Chukua kabla sijamrudisha."

Kisha akaja kwangu. "Shemeji, sijabadili neno langu. Video ile si vizuri."

"Nimesikia, shemeji. Haitoki."

"Nimesikia." Akanifungua kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vizito kama vya ndugu yake, fundo likamshinda mara ya kwanza. Upepo ukanigusa shingo.

Baada ya kula akakaa pembeni, akamwita Nelly. "Nionyeshe hicho kitu."

Nikashangaa. "Hujakiona, shemeji?"

"Nilielezwa."

Miezi yote hii alikuwa anapigana na kitu alichosimuliwa. Nelly akamshikia simu. Akatazama, uso umetulia. Ilipoisha akasema, "Rudisha." Akatazama tena. Watu wakajifanya wanazungumza mambo ya mbolea.

"Koti limempwaya kidogo Linus," akasema mwishowe. Akaifuta simu kwa mkono wa shati, akamrudishia Nelly. "Marehemu baba naye alikuwa hivyo. Ninyi hamkumjua."

Jua lilipoanza kushuka akaaga. Tukamsindikiza kwa macho mpaka getini. Geti hili Ebeneza alilitengeneza komeo linalojiangukia lenyewe, hulazimiki hata kugeuka. Anania akatoka, komeo likaanguka, tukalisikia wote. Akapiga hatua kadhaa barabarani, bega moja mbele. Akasimama. Akarudi. Akalitikisa.

Linus alikuwa ameficha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, isije ikaanza kumwiga. Nelly alikuwa ameinua simu.

Anania, mkono ungali juu ya geti, akatutazama mmoja mmoja mpaka akaifikia ile simu.

"Umechukua?"

"Nimechukua, baba mkubwa."

"Basi usiiweke kabla sijafa."

Nilikuwa nimeshaanza kucheka, kichwa wazi, kwa sauti, na ng'ambo ya bonde walisikia.